Malalamiko Dhidi ya Kompyuta Iliyomkana Mama Yangu Mzazi

Kinyangiri, Mkalama
Jumatano

Kwa Fundi Dina,
Unyambwa, Singida.

Ndugu Fundi,

Kwa masikitiko makubwa naitangazia ofisi yako kwamba jana, saa nne asubuhi, kompyuta ya nyumbani kwangu ilimkana mama yangu mzazi. Mashahidi ni mke wangu Leah na kuku wawili waliokuwa sebuleni bila ruhusa.

Najua wewe ni mpwa wangu, na shikamoo yako nimeshaiitikia hapa hapa ninapoandika: marahaba. Lakini mfumo wa kompyuta hii uliuweka wewe kwa mikono yako, kwa hiyo leo nakuandikia kama raia.

Jambo lenyewe unalifahamu. Sauti ya marehemu bibi yako Eliana, ile niliyoirekodi Februari akitaja majina ya ukoo na nani karithi jina la nani, ndiyo itakayosikika Jumamosi tukimwekea msalaba kaburini. Watu wanatoka mpaka Mkiwa kuja kuisikia. Jana nafungua diski, nakuta picha za harusi ya kaka Benjamin na za ng'ombe. Mama hayumo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mfumo wako unazipa diski vyeo kwa kuangalia ipi imewahi kuamka. Ya kwanza inaitwa sda, inayofuata sdb. Kesho zikipishana kuamka, vyeo vinahama. Benjamin ni kifungua mimba wetu hata akichelewa kufika mezani. Hajawahi kukuta mdogo wake Urbano amekuwa mkubwa wake kwa sababu tu ya kuwahi ugali.

2. Diski zangu mbili za nje, ya zamani na mpya, zote zinaitwa ELIANA. Mfumo ukiambiwa umlete Eliana, unamleta aliyetangulia, mwingine unamwacha mlangoni. Kwetu tunao Alute wanne, wote hai, mmoja mkorofi, na hakuna aliyewahi kupotea. Tunasema Alute wa Emiliana, Alute wa trekta, basi. Kwa utaratibu wa mfumo wako, siku ya harusi bibi harusi angekabidhiwa Alute yeyote aliyewahi kusimama. Na yule mkorofi huwa anawahi.

3. Hili limeingia mpaka chumbani. Kumbe kila diski ina daftari, na kabla ya kufanya jambo lolote inaandika kwanza kwamba inakusudia kulifanya. Juzi umeme ulikatika. Uliporudi, diski ya ndani ya kompyuta ikasoma daftari lake, ikamalizia ilichoweza, ikafuta isichoweza, ikaendelea na maisha bila aibu yoyote. Nikakosea kumsimulia Leah. Akanunua daftari. Ukurasa wa kwanza umeandikwa "kuziba bati la jikoni", nia yangu ya tangu mvua za mwaka juzi. Jana akaniuliza mbele ya Mchungaji Leonard, "Baba Nathan, kwani wewe umeme wako ulikatika lini?" Mchungaji alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Mfumo wa namna hii haufai kuwekwa kwenye nyumba yenye mke.

4. Kwa hiyo naomba walioutengeneza mfumo huu waje Kinyangiri na mzee wao mmoja na mbuzi mmoja, asiwe na kikohozi. Kila diski iitwe kwa jina lake na la baba yake. Madaftari ya nia yachomwe moto, tukianza na la Leah. Wakikataa nitalifikisha suala hili kwenye mkutano wa kijiji, katika mengineyo, na mengineyo yetu unayajua yanavyochukua siku nzima.

Nawasilisha kwa unyenyekevu na hasira ya kiasi. Wasalimie wote hapo, dada Agripina, mumeo, watoto, na yule jirani aliyeniazima mwavuli. Mwambie bado ni mzima.

Mjomba wako mlalamikaji,
Melkiori

Nyongeza: Dina mwanangu, tusidanganyane. Uliniandikia kwenye karatasi, kwa herufi kubwa: ukimaliza kunakili diski ya zamani, ile mpya ipe jina lingine. Nilisoma. Nikaona jina lingine la nini, na hii ndiyo mrithi? Kwetu mrithi huchukua jina. Kwa hiyo Eliana wa pili nimemleta mimi. Leo asubuhi nimechomoa ya zamani, nikawasha na mpya peke yake, na sauti niliyoiweka humo baada ya kunakili imo yote. Nayo daftari lake limeiponya, haijapungua neno.

Na umeme juzi haukukatika. Nilikuwa nasikiliza. Dakika ya nne Mama anaacha kutaja majina, anauliza, "Melkiori, wewe umekula?" Leah akaingia na chai, nami sikutaka anione nilivyokuwa, nikang'oa waya ukutani. Jana kuwasha, mfumo ukaniletea diski ile nyingine. Leo nimejaribu mara tatu, hiyo dakika ya nne sijaivuka. Njoo Ijumaa. Jumamosi utabonyeza wewe. Mimi nitakaa kule nyuma na wapishi, kwenye moshi.