Kura Yangu kwa Bwana Crake

Jumatatu, 16 Novemba 1868

Mvua. Leo mimi, Septimus Hallowby, si wakili tena. Ofisi nimemwachia Plimley, msaidizi wangu, moja kwa moja. Mtu aendaye Bungeni ana haja gani na ofisi? Lavinia, mke wangu, kauliza nikishindwa je. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Mpinzani ni Crake, mwenye kiwanda cha bia. Kila mpiga kura hupanda jukwaani akataja mtu wake kwa sauti, mji mzima ukisikia. Nimepata mbinu! Nitamtaja Crake. Ataona haya, atanitaja mimi. Kura yake itaifuta yangu, na sifa za uungwana zitabaki kwangu. Nina akili mimi!

Jumanne, 17 Novemba

Dakika kumi kabla ya kufunga: mimi 212, yeye 211. Tumebaki sisi wawili tu. Lavinia katoa kichwa dirishani mwa hoteli, anapiga kelele: "Septimus! Jitaje mwenyewe, baba, nakuomba!" Aibu gani hii! Nikavua kofia, nikatamka: "Bwana Crake!" Makofi!

Crake akapanda, kanishika mkono, machozi yanamlengalenga. Kasema hajapata kuona mtu mwema kama mimi. Kisha akamgeukia karani: "Mimi? Crake, nani mwingine?"

213 kwa 212. Nimeshindwa kwa kura moja. Yangu.

Jumatano

Sikutoka kitandani. Lavinia anafunga vyombo kimya kimya. Nyumba hii hatuiwezi tena. Afadhali angenitukana. Nimelia, nikasingizia mafua.

Alhamisi

Nimekwenda kumwomba Plimley kazi. Kanipa meza ya mlangoni, penye baridi, aliyokuwa akikalia yeye. Kasema, "Karibu, mzee. Wino tu usiumwage." Ndivyo nilivyomwambia miaka tisa, kila asubuhi! Nimeumwaga kabla ya saa sita.

Ijumaa

Faraja! Crake anahamia London, kaacha nafasi yake ya mzee wa kanisa. Tunaigombea wawili: mimi na Plimley. Jumapili watu watanyoosha mikono. Lavinia kanikamata ukosi: "Safari hii unajinyooshea mwenyewe. Umenisikia?" Nimeitikia vizuri. Maskini, siasa haijui. Plimley si muuza bia; ni mtu wa sheria, nimemfunza mwenyewe. Nikimnyooshea mimi, hawezi kukosa kunirudishia. Nitamnyooshea mikono yote miwili.