Kilomita Themanini Bila Upepo

Ijumaa, 8 Novemba

Lahaula! Nimetoka Bwejuu kumwamkia mama mkwe, Bi Mwatima, na nimerudi Kiembe Samaki sina hamu hata ya chai. Bi Mwatima anakwenda umra. Miaka kumi na moja amelima mwani, ameweka kidogo kidogo, na sasa ndege yake ni Jumamosi ya wiki ijayo, saa tisa alasiri. Hilo la kheri. La shari ni kwamba atakayempeleka uwanja wa ndege ni Masoud!

Masoud ni mwanyumba wangu. Yeye kamuoa Kidawa, mimi nimemuoa mdogo wake, Yusra. Ana pikapu kuukuu ya kubebea saruji. Mimi nina Chiriku: gari ndogo, safi, ina kiyoyozi kinachofanya kazi kikipenda. Nikauliza kwa adabu, kwa nini Masoud? Bi Mwatima akanikumbusha Sikukuu ya Mfunguo Tatu, Chiriku ilipopata pancha Tunguu, naye akakaa saa mbili juu ya jiwe na sinia la boko boko mapajani.

Miezi mitano imepita! Nilidhani yamekwisha.

Yusra ameniambia nimuachie Masoud, safari hii ni ya ibada, si ya mashindano. Nimemjibu kwamba hakuna anayeshindana. Masoud nitamshinda tu.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimefunga duka la miwani mapema, nikatoka Mkunazini kwa miguu mpaka Mlandege, kwa Mansour muuza tairi. Nikamwambia nataka tairi isiyopata pancha. Akasema tairi hiyo haijazaliwa. Lakini, akasema, ipo inayopata pancha na ikaendelea kwenda.

Nilikaa chini! Nilikaa juu ya ringi yenye grisi, na suruali ni ya Ijumaa.

Akanionesha. Kuta zake za pembeni ni ngumu, hata ukibonyeza kwa goti hazibonyei. Upepo ukitoka wote, kuta zinalibeba gari kilomita themanini, mwendo wa taratibu, mpaka kwa fundi. Na ni tairi ya misimu yote. Ubavuni ina alama ya mlima na theluji. Nikamuuliza theluji ya nini. Akasema huko ilikotoka inaanguka. Sisi tuna kaskazi, masika, kusi na vuli, na hakuna hata mmoja wenye theluji. Lakini mtu hujui. Dunia imebadilika.

Mansour akauliza kama gari yangu ina taa ya kuonya upepo ukipungua, maana bila taa hiyo dereva hatajua kama tairi imetoboka. Nikamwambia ninayo. Chiriku ina taa tatu zinazowaka mbele yangu tangu nilipoinunua. Moja lazima itakuwa hiyo.

Yeye alinishauri nichukue tairi za kawaida tu, na spea nzuri. Nikamtazama. Mfanyabiashara anayekataa kuuza! Ni wazi anamuwekea Masoud. Nikachukua zote nne palepale. Bei siiandiki, Yusra huenda akasoma.

Jumapili, 10 Novemba

Wakil, fundi pancha wa mtaa wetu, ametoka jasho kuzivalisha. Amesema tangu aanze kazi hajapigana na kitu kama hiki. Chiriku sasa inaruka kila kokoto. Yusra alipanda mpaka sokoni, akauliza kama nimefunga magurudumu ya mbao.

Wenye tairi hizi hawabebi spea. Kwa hiyo nikatoa spea na jeki, nikampelekea Masoud nyumbani kwake, mbele ya watoto wake. Nikamwambia achukue, yeye bado anaishi zamani. Nilitaka aone haya. Alinishukuru! Alinishika mkono kwa mikono miwili, akavitia kwenye pikapu, akaniuliza kama nimeshakula. Sijapata kuona mtu asiyejua kutukanwa namna ile.

Jumanne, 12 Novemba

Ushindi! Nimezungumza na Bi Mwatima kwa simu nusu saa. Nimemweleza kuta ngumu. Nimemweleza mlima. Akauliza ikitoboka je? Nikasema inakwenda. Akauliza ikitoboka tena? Nikasema inakwenda. Kisha akasema, "Haya Ahmada mwanangu, n'takwenda na wewe. Lakini mimi roho yangu iko Makka, usije ukanibakisha Tunguu."

Nimeipima ramani kwa rula. Kutoka hapa mpaka Nungwi, haifiki themanini. Mpaka Makunduchi, haifiki. Mpaka Bwejuu ni hamsini na mbili. Yarabi! Hakuna pahala Unguja nisipofika kwa tairi iliyotoboka! Watu wa bara wana shida, nchi yao ndefu. Kwetu pancha imekwisha maana.

Yusra amesikiliza yote haya, akaweka mwiko chini. Akasema mama yake akikosa ndege, nyumba hii nisirudi, nikalale humo humo ndani ya Chiriku. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. Nimeshtuka kidogo.

Alkhamisi, 14 Novemba

Baada ya sala ya alasiri, barazani, Masoud aliniuliza kama hizo tairi kuna mtu ameshaziona zikifanya kazi. Aliuliza kwa upole, na huo upole ndio ulionichoma. Nikachukua msumari wa Wakil, wa inchi nne, na nyundo. Nikaupigilia kwenye tairi ya nyuma kushoto. Fyuuu! Watu wote barazani walisimama. Mzee mmoja alisema audhubillahi.

Nikapanda, nikazunguka Kiembe Samaki nzima. Ilikwenda! Nilipiga honi kila kona. Kilomita tatu, na nikarudi na tabasamu.

Hapo ndipo Wakil akanipa mshtuko wa mwaka. Haizibiki! Amesema ukishaikanyaga bila upepo, ndani inakatika kidogo kidogo, na yeye hatii mkono wake kwenye roho ya mtu. Akataka anirudishie tairi yangu ya zamani. Lakini Masoud alikuwa amesimama palepale, anatazama. Ningekubali vipi?

Nimepiga hesabu. Nimetumia tatu, zimebaki sabini na saba. Bwejuu ni hamsini na mbili. Wakil akauliza na kurudi je? Nikamwambia nitalala Bwejuu, na tairi italala. Hata punda akipumzika huanza upya. Wakil akasema tairi si punda, akaenda kunawa mikono.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimefika Bwejuu salama. Kuanzia Paje nilisikia pwa-pwa-pwa upande wa nyuma kushoto. Nikaongeza sauti ya redio, ikaondoka.

Bi Mwatima amepika pweza wa nazi. Ameniweka kwenye kiti, wengine mkekani. Masoud hajapata kuwekwa kwenye kiti.

Jumapili, 17 Novemba

Jana sikuandika. Mwanga wa ndani ya Chiriku ni mdogo.

Tulitoka Bwejuu saa moja asubuhi. Bi Mwatima amevaa nyeupe tupu, amenukia udi, majirani wanalia. Kwenye uwanja wa ndege anatakiwa saa sita. Nikasema tuna wakati wa kutosha. Akasema vizuri, basi tupite Makunduchi.

Makunduchi! Huko ni nyuma! Akaniuliza kwa mshangao, mtu atakwendaje kuzuru Nyumba ya Mungu na hajataka radhi kwa aliowakosea? Kuna wifi yake, Bi Zeyana, walinuniana kwa ajili ya sufuria tangu kabla Yusra hajazaliwa. Nikasema apige simu. Alinitazama, nikawasha gari.

Bi Zeyana alilia. Bi Mwatima alilia. Sufuria ikaletwa tuione. Saa nzima! Kisha akakumbuka mtu wa Kizimkazi, ambaye yeye Bi Mwatima alimwambia mwani wake una mchanga. Kisha Muyuni, kwa mzee aliyeanguka na baiskeli, naye Bi Mwatima akamcheka. Sikujua kwamba bibi mpole kama yule amekosana na nusu ya kusini! Kila mlango, kanzu ya jasho inanishika mgongoni, na tairi ya nyuma inanuka mpira uliochomwa. Aliuliza harufu ya nini. Nikasema watu wanachoma taka.

Baada ya Muyuni, redio iko juu kabisa, akanyoosha mkono akaizima. Akageuka. Akasema, "Ahmada mwanangu, na wewe nnakutaka radhi."

Nikasema mama, wewe hujanikosea chochote. Akasema nimekukosea sana. Akaanza. Miaka tisa amekuwa akiniita Debe mbele ya watu. Ilipoletwa posa yangu alifunga siku tatu, akimuomba Mungu nighairi. Dawa niliyompelekea ya magoti alimpa mbuzi. Na siku ile ya sinia la boko boko, alipiga simu kwa Masoud aje amchukue, na alipomuona anakuja akamwambia arudi, nisije nikaona haya.

Nilikuwa naendesha na mdomo wazi. Masoud alijua! Kwa kila moja nilitakiwa niseme nimekusamehe, na nikasema. La mbuzi nilisema mara mbili.

Kisha akangoja. Ilikuwa zamu yangu. Pwa-pwa-pwa ilikuwa imekwisha kuwa gu-gu-gu, na usukani ulikuwa unavuta kushoto. Moyo uliniambia sema, Ahmada. Sema msumari. Nikasema, mama, nisamehe kwa yote. Akauliza, kuna lolote hasa? Nikasema hakuna, ni yale ya kawaida ya binadamu. Akasema amenisamehe, moja kwa moja, lililopita na lililopo.

Hatukufika mbali. Karibu na msitu wa Jozani tairi ilichanika vipande. Kipande kimoja kilitupita mbele, tukakiona kikivuka barabara peke yake. Chiriku ikakaa chini upande mmoja. Kima punju watatu walishuka mtini kututazama. Saa tano na dakika ishirini.

Akashuka, akaizunguka gari, akauona msumari. Kichwa chake kilikuwa bado kwenye kipande cha mpira, kinang'ara. Akauliza spea iko wapi. Nikasema kwa Masoud. Jeki? Kwa Masoud. Huu msumari je? Nikamwambia. Ningefanya nini? Nikamwambia baraza, nyundo, yote.

Sijapata kuona mtu akijizuia vile. Alishika tasbihi yake kwa mikono miwili. Machozi yalimtoka, na si ya hasira, ni ya hofu. Miaka kumi na moja ndani ya maji ya chumvi, na anasimama porini na mimi. Nilitamani ardhi inimeze, wallahi. Hatimaye akasema taratibu sana, "Bahati yako nshakusamehe."

Kisha akaingia katikati ya barabara na kunyoosha mkono. Lori la mwani! Linatoka Paje kwenda mjini, magunia mpaka juu, na dereva ni Pandu, ambaye Bi Mwatima amemuuzia mwani miaka yote. Nikashangaa alivyopanda kwa hatua moja, mwanamke wa miaka sitini na nane, bila kushikwa. Nikampandishia mabegi. Hakugeuka nyuma.

Nilibaki na kima.

Saa sita na robo Yusra akapiga simu. Mama amefika! Amefika ananuka mwani, anacheka, na mwenye kikundi chake cha umra amemngoja. Kisha Yusra akasema mengine, hayo siyaandiki. Saa nane alikuja Masoud na pikapu, na spea yangu, na jeki yangu. Nilijitayarisha kwa kicheko chake. Nilikuwa na majibu matatu. Hakucheka! Akasema pole mwanyumba, akapiga magoti kwenye tope, akafunga tairi, akanipa maji ya kunywa. Sijui mtu huyu anataka nini kwangu.

Nimelala ndani ya Chiriku, mbele ya mlango wangu mwenyewe. Nimemweleza Yusra kupitia dirisha kwamba mama yake hakukosa ndege, kwa hiyo sharti halikutimia. Akafunga dirisha.

Jumanne, 19 Novemba

Nimeruhusiwa ndani, mpaka sebuleni.

Nimelifikiria jambo hili kwa haki. Tairi haina kosa, ilitimiza ahadi yake na kuzidisha. Mimi sina kosa, hesabu yangu ilikuwa sawa. Kosa ni la Bi Zeyana. Ya nini kukaa na sufuria ya mtu miaka yote ile?

Jumatano, 27 Novemba

Sijui nianzie wapi. Bi Mwatima amepiga simu kutoka Makka. Yusra akaweka sauti juu ili wote tusikie, na Kidawa na Masoud walikuwepo. Akasema ametutaja kila mmoja kwa jina mbele ya Al-Kaaba. Kidawa kamuombea afya. Masoud kamuombea riziki. Yusra kamuombea subira. Nikasogea karibu na simu.

Mimi kaniombea akili!

Mbele ya Al-Kaaba! Siku tatu mfululizo, akasema, na analia! Nilipigwa na butwaa, kikombe kikanitoka mkononi. Masoud aliinama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa makubadhi yasiyo na kamba.

Nilinuna mpaka magharibi. Kisha, katikati ya kununa, nikashtuka. Dua ya mzazi, pahala pale, siku tatu, na machozi. Hiyo hairudi. Kwa hiyo nimeshapewa! Tangu juzi kila ninalofikiri ni akili, na mimi nilikuwa sijui!

Na juzi nilifikiri nini? Nimekimbilia kukumbuka. Nilifikiri hivi: pancha ni upepo kutoka. Tairi isiyo na upepo, utatoka upepo gani? Nimekwisha kuagiza gunia nne za makumbi ya nazi kutoka Mtoni. Wakil amekataa kuyashindilia ndani ya tairi, nitashindilia mwenyewe kesho kwa mchi wa Yusra.

Bi Mwatima anatua Jumamosi. Masoud amesema atakwenda kumpokea na pikapu. Nimemwambia asijisumbue.