Hatua Tatu kwa Sababu ya Mbuzi

Jumatatu, 11 Machi
Bustani imeanza! Miche 36 ya maua mbele ya nyumba, minne ya parachichi ubavuni. Nimepima kwa kamba, sentimita arobaini ua hadi ua. Miaka ishirini na sita nimeziba matairi Mombo, nikajenga hapa Malindi, hii ya milimani, bila mjomba wala mfadhili. Maua ndiyo yanishinde? Jirani yangu Benjamini kachungulia, kasema maua ya aina hiyo mbuzi wake huyapenda sana. Nikadhani ananisifia.

Jumanne, 12 Machi
Maua 31 yameliwa! Matano yaliyobaki yamekanyagwa. Nimemwendea Benjamini. Kasema "pole, Baba Eliza" mara nne, kisha akasema mbuzi wake amefungwa kamba na miguu iko kwake. Kilichovuka ni shingo tu. Shingo! Kama vile shingo ina mwenyewe mwingine.

Jumatano, 13 Machi
Nimepima. Kamba ya mbuzi inavuka mpaka wetu kwa hatua mbili. Shingo na ulimi, nusu hatua. Akiba, nusu. Jumla tatu. Basi nitaotesha ukuta wa masale, ile mimea ya majani marefu, hatua tatu ndani ya kiwanja changu. Hushika upesi, mbuzi hayali, na huku kila shamba limezungukwa nayo, ishara kwamba watu wanayapenda. Benjamini mwenyewe kanipa vipande hamsini. Nimeona haya kwa niliyomtamkia jana.

Alhamisi, 14 Machi
Masale hamsini, hatua 25, mstari umenyooka kama reli! Benjamini alishika kamba upande wa juu. Akawaita wazee wa kijiji, Mzee Yohane na Bibi Mwanaisha, waje waone, eti kazi nzuri haifichwi. Nikawachemshia chai. Mzee Yohane kaniuliza mara tatu kama nina hakika ni hapa. Nikamjibu kwa heshima zote, lakini kwa sauti: hapahapa, mzee, nimepima mwenyewe. Watu wa huku wanadharau hesabu.

Jumamosi, 16 Machi
Mke wangu Dorkasi karudi kutoka kwao Gare. Kikapu hata hajakitua, kauliza kwa nini nimempa Benjamini shamba. Nikamwambia asinichekeshe. Akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu: huku masale ndiyo mpaka. Mwenye kiwanja akiyaotesha, jirani akashika kamba, wazee wakashuhudia wakinywa chai, imekwisha.
"Na chai ulichemsha?"
Nilichemsha. Tena na tangawizi!
Ishirini na tano mara tatu: hatua 75 za mraba. Pamoja na parachichi zangu nne. Mbuzi tayari amehamishiwa kigingi hukohuko.

Jumapili, 17 Machi
Baada ya ibada nimemfuata Mzee Yohane. Nikamwomba aseme kweli mbele ya Mungu, kwamba ule ulikuwa ukuta wa mbuzi. Kasema masale hayaulizwi yalikuwa na nia gani. Nikasema basi nitayang'oa. Akaniangalia viatu, akasema huku mng'oa masale hazikwi na majirani, akaniuliza kama nina watu wa kunizika huko Mombo. Kisha akasifu chai. Bibi Mwanaisha ndiye kaniudhi zaidi: alidhani ni zawadi, na ameniombea dua siku tatu.

Jumatatu, 18 Machi
Yale maua matano yameliwa! Wizi mtupu. Lakini kosa nimeliona: hesabu yangu ilikuwa sahihi, aliyebadilika ni mbuzi. Kigingi kimesogea hatua tatu, kwa hiyo shingo nayo imesogea hatua tatu. Dawa ni mstari wa pili wa masale, hatua tatu nyuma ya ule wa kwanza. Dorkasi kashika kichwa. Nimemtuliza: mimi si mjinga wa kuumwa mara mbili, safari hii hakuna chai. Nimemweleza Benjamini waziwazi, sichemshi hata maji! Kakubali bila ubishi. Kesho asubuhi anakuja na vipande hamsini, kamba, na Mzee Yohane. Kasema kuhusu chai nisijisumbue kabisa, ataibeba yeye kwenye chupa.