Tezi Yangu na Mke wa Kuazima

Jumatatu, 4 Machi

Majibu ya kinyama walichonikata kwenye tezi yametoka. Saratani ya tezi dume. Daktari akasema ni changa, ndogo, tena iko upande mmoja tu. Alisema "tu" kama ananipongeza. Nami nikamshukuru! Mtu anakwambia una saratani, unamjibu ahsante sana, Mungu akuzidishie.

Njia ziko kadhaa. Kuiangalia kwa vipimo vya mara kwa mara. Kuitoa tezi yote kwa kisu. Mionzi. Au mawimbi ya sauti, yanayounguza ile sehemu mbovu peke yake. Mawimbi! Hakuna kisu. Nikajiona nimelala kama mama mjamzito, napakwa jeli tumboni, najifuta, naenda zangu kazini. Nimeshachagua.

Mke wangu nimemwambia ni mawe kwenye figo. Mawe yana heshima yake. Saratani italeta ukoo mzima na vilio kabla sijafa.

Jumanne, 5 Machi

Mawe halikuwa wazo zuri. Mke wangu kanisimamia nimalize jagi zima la maji, kisha la pili. Mtu mwenye tezi kama yangu! Nimeshinda chooni. Mteja aliyekuja kuchagua kitambaa cha kochi kasubiri mpaka kachoka, kaondoka.

Seremala wa karakana ya jirani kaniona nikienda na kurudi. Huyu alitolewa tezi yote mwaka juzi, na tangu hapo humsimulia hata mtu aliyekuja kuulizia stuli. Akasema safari hizo anazijua. Nikamwambia ni tumbo. Akacheka. Simpendi. Ana afya ya kuudhi.

Alhamisi, 7 Machi

Kliniki. Nimeulizia habari ya jeli. Daktari kanitazama kwa huruma. Chombo hakipiti tumboni. Kinapitia mlango wa nyuma.

Nikakaza mkanda wa suruali.

Akaongeza kuwa nitalazwa usingizi, sitajua kitu. Nitajua, daktari! Nitajua maisha yangu yote!

Akaendelea. Baada ya hapo nitavaa mpira wa mkojo siku kadhaa. Mkojo na nguvu za kiume vina nafasi nzuri ya kusalimika kuliko kwa kisu, lakini haahidi. Sehemu itakayobaki inaweza kuota nyingine, kwa hiyo vipimo havitaisha. Na njia yenyewe bado ngeni, ya miaka ya mbele hayajulikani sana. Nikasema basi nichagulie wewe. Akakataa katakata. Akataka Jumatatu nije na mke wangu, maana mambo haya ni ya watu wawili.

Mke wangu! Yule wa majagi!

Karakana nikakuta kochi la mteja, mguu mmoja umebunguliwa. Miaka yote nimewaambia watu: mdudu akionekana mguu mmoja, fumua kochi zima, usijidanganye. Mteja akauliza kama haiwezekani kutibu mguu huo peke yake. Nikamwambia inawezekana kabisa. Akashangaa. Hata mimi.

Ijumaa, 8 Machi

Wazo! Kwa daktari, mke ni nani? Ni mwanamke aliyekalia kiti cha pili. Basi.

Nimemwendea dada yangu mdogo. Akasema kaka, umerukwa na akili. Nikaanza kulia ili nimlainishe. Machozi yalianza ya uongo, katikati yakageuka ya kweli, nikashindwa kuyazima. Akakubali ili ninyamaze.

Jumatatu, 11 Machi

Ardhi ingepasuka nikaingia.

Daktari kampokea dada yangu kwa heshima zote, kamwita mama, kamsifu kwa kuja. Kisha akamuuliza tunakutana mara ngapi kitandani, na kama nguvu zangu zilikuwa za kumridhisha. Dada yangu! Niliyemfundisha kufunga kamba za viatu! Yeye akatazama dari. Mimi nikatazama sakafu. Daktari akadhani ndoa yetu imepoa, akatusihi tushikane mikono. Tukashikana. Dada akajikwamua, akatoka mbio, na huko nje akampigia wifi yake.

Nyumbani nimemkuta mke wangu kaketi jikoni, jiko limezimwa. Nilijiandaa kwa kelele. Hakupiga kelele. Akasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini yeye si kifo, kwa nini namficha yeye? Akasema hata habari za kitanda chake nimemtafutia mtu wa kumjibia. Halafu akalia. Heri angenipiga kofi. Nikasema naogopa. Hilo sikuwa nimelipanga.

Jumatano, 13 Machi

Tumekwenda wote wawili, nikaanza kwa kumwungamia daktari kuwa yule wa Jumatatu ni dada yangu. Mke wangu kauliza yale nisiyothubutu. Ikirudi, kisu bado kitawezekana? Mara nyingi ndiyo, akajibiwa, ila kazi huwa ngumu zaidi. Na tukiiangalia tu? Nayo ni njia, mradi nisikwepe vipimo. Hapo mke wangu kanitazama mimi.

Nikamuuliza yeye anataka ipi. Akasema anataka mume, njia nichague mwenyewe. Nikasema mawimbi, kwa sauti ndogo. Nimemwapia sitamficha kitu tena, hata mafua.

Jumamosi, 16 Machi

Seremala kapata habari. Kaja na pakiti ya nepi za watu wazima alizobakiza. Akasema wiki za mwanzo aliloa kama mtoto, akajifungia ndani asionekane. Ndiyo mara ya kwanza namsikia akisimulia bila kucheka. Nikazikataa kwa ukali. Alipogeuka nikazisukuma chini ya meza kwa mguu.

Alhamisi, 21 Machi

Imefanyika. Kweli sikujua kitu. Najua sasa. Mpira unaning'inia pajani, mfuko umejaa rangi ya chai. Mke wangu anaumwaga bila kukunja uso. Nimegeukia ukutani ili asinione.

Ijumaa, 29 Machi

Mpira umetolewa. Mkojo unatoka, na matone mengine hutoka bila ruhusa. Mambo ya kitandani bado sijajaribu, nisije nikajua. Daktari kasema damu itapimwa baada ya miezi mitatu, ndipo tutaanza kuona.

Tulipotoka, mke wangu alikuwa akiimba chini chini. Mwezi mzima sijamsikia akiimba. Moyo ukaniuma. Nani atamzima huyu? Si mimi.

Nikamwambia nimesahau kofia ndani. Nikarudi mapokezi, nikamwomba karani afute namba ya simu ya mke wangu kwenye faili, majibu ya damu nipigiwe mimi peke yangu. Yakiwa mazuri nitamwambia papo hapo. Yakiwa mabaya, nina miezi mitatu ya kutunga kitu kisicho na tundu.

Karani akauliza kama mama ameridhia. Nikamwambia ndiye aliyenituma.