Sufuria Mbili za Jumapili

Jumatano, 4 Juni

Binti yangu amepita asubuhi kunisomea hukumu. Anasema nimekonda, shati linaning'inia kama bado liko kambani. Anataka nihamie kwake. Chumba kipo na mkwe hana neno. Nikamwambia mimi mzima, najipikia. Akafunua sufuria ya jana. Akaifunika. Kisha akatoa sharti: Jumapili mchana atakuja kula. Nikimpa wali unaolika, nabaki hapa na hazungumzii tena habari ya kuhama. Nikishindwa, Jumatatu mkwe analeta gari.

Siendi! Miaka thelathini niko chumba hiki. Marehemu mke wangu alikaa pale dirishani akichambua mchele, mimi hapa mezani natengeneza saa za watu, na hatusemi kitu mpaka wali unukie. Kwa binti yangu kuna televisheni mbili. Nitamsikia wapi mke wangu?

Siku nne zinatosha. Nimefufua saa zilizotumbukia kisimani, nitashindwa na mchele?

Alhamisi, 5 Juni

Nimeanza kitaalamu. Saa tatu mezani, kalamu, karatasi. Mchele vikombe viwili, maji vitatu. Nikafunika. Dakika ya nne nikafunua kidogo, kuhakikisha tu. Mvuke ukanipanda usoni. Harufu ile! Nikamwona mke wangu waziwazi, ungo mapajani, anapuliza makapi. Nikafunika. Dakika ya sita nikafunua tena, huenda bado yupo. Alikuwepo. Hakuniangalia, lakini alikuwa akitabasamu.

Nimefunua mara kumi na moja. Chini umeungua, juu una kiini, katikati uji. Saa ya kwanza ilisema dakika ishirini, ya pili thelathini na tano, ya tatu ilisimama. Kosa ni la saa.

Ijumaa, 6 Juni

Uani napikia pamoja na jirani, Fundi Cherehani, kila mtu na jiko lake. Wali wake unachambuka punje kwa punje, na harufu inapita chini ya mlango wangu bila hodi. Leo nimemchimba kijanja. Nikasema kuna rafiki yangu mmoja, mzee hivi, wali unamshinda. Akacheka mpaka pini zikamdondoka mdomoni. Akasema nimwambie huyo rafiki apunguze moto, afunike, aondoke zake, asifunue mpaka uive.

Basi! Eti ndiyo siri yote! Anadhani nimezaliwa jana. Nikamvizia kwenye upenyo wa mlango. Akafunika sufuria, akarudi kwenye cherehani, akawa anaimba. Hakufanya lolote. Mjanja kupita kiasi huyu mama.

Lakini nikaona kitu kingine. Sufuria zetu pacha! Fundi bati ni mmoja, mifuniko ni ya aina moja, hata mikono imeinama upande uleule. Mpango umekuja wenyewe, sikuutafuta. Jumapili tutabadilishana, ila yeye hatajua.

Jumamosi, 7 Juni

Mazoezi. Kutoka jiko lake mpaka langu ni hatua tatu, kutoka langu mpaka chumbani kumi na nne. Fundi akanikuta nimekumbatia sufuria yake. Nikasema nakagua kama imebonyea. Akaniangalia, akaamua kunipa habari ndefu za mama yake, kaja juzi kung'olewa meno, hatafuni kitu. Sikusikiliza vizuri, nilikuwa nahesabu hatua.

Mchana nimekaa dirishani nikiota macho wazi. Binti anaonja, machozi yanamlengalenga, anasema baba, nisamehe. Nikamsamehe mara tatu, kila mara kwa maneno mazuri zaidi. Nikashtuka jua limehama ukuta mzima na sijala.

Jumapili, 8 Juni

Nilibandika wangu mapema, watu wasishangae. Fundi akabandika wake, akaenda kumpima mteja gauni. Maji yalipokaribia kukauka kwenye sufuria zote mbili, hatua tatu, nikabadilisha. Fundi akarudi, akapunguza moto, akaketi palepale na upindo wake wa kushona. Sufuria yangu ikawa chini ya ulinzi, sina hata pa kuchungulia. Niliumia kidogo. Nikabeba ya wizi chumbani.

Binti akaja. Nikapakua. Wali ukagoma kutoka kwenye upawa. Bokoboko, uji mtupu! Binti akameza, akaomba maji. Nikasema huu ni upishi mpya.

Hodi! Fundi Cherehani mlangoni, sufuria mkononi. Anasema haelewi, alipika wali laini wa mama asiye na meno, kafunua kakuta punje moja moja, unanukia ukumbi mzima. Mzee wangu, akauliza, hatukubadilishana kweli?

Binti akachota kijiko. Akafumba macho. Akasema huu ni wali wa mama. Nikaonja na mimi. Ndio, mke wangu alikuwa mezani na sisi, sote watatu kimya, na nilitamani asitokee mtu wa kusema neno. Binti akasema. Akauliza taratibu, Baba, umeupika wewe?

Nikikubali, mimi ni mwizi wa sufuria mbele ya jirani. Nikaapa! Mimi? Sijawahi kupika wali wa namna hii maishani mwangu!

Hapo kila mtu aliniamini. Binti akaweka kijiko chini, uso umemwanguka. Akasema basi, kesho.

Jumatatu, 9 Juni

Mkwe amepakia saa zangu na kitanda. Mara mbili nilikaribia kumwambia binti ukweli, kwamba wali ule ni wangu, na kwa nini sitaki kuondoka. Machozi yalifika. Lakini nijidhalilishe bure, tena nimeshagundua kosa lilipokuwa? Ningeitia alama sufuria!

Tena nimepata mpango bora kuliko ule. Ufunguo wa chumba nimemwachia Fundi, asimruhusu mtu kuhamia. Kwa binti nitajitolea kupika kila siku, kwa mikono yangu mwenyewe, bila msaada wa mtu. Nimemnong'oneza mkwe, akafurahi sana, akanishika mkono. Masikini, anapenda kula. Nampa siku tatu, ya nne atanirudisha yeye mwenyewe.