Chawa wa Nyuki na Kona ya Mtoni

Jumatatu, 8 Machi 1971
Habari njema! Kamati ya shamba letu la Yamumbi imeamua: serveya akija kugawa viwanja, kona ya mtoni itakwenda kwa mfuga nyuki bora. Tuko wawili tu. Mimi, na jirani yangu Wepukhulu, bingwa wa kujisifu. Ijumaa Bwana Kiprotich wa kilimo atakuja kupima chawa wa nyuki. Husukuma karatasi nyeupe iliyopakwa mafuta chini ya mzinga, hupuliza moshi kidogo wa tumbaku, chawa huanguka, huhesabu. Mwenye chawa wachache ndiye mshindi. Mke wangu Wahu amechoka kubeba maji kutoka mbali. Kona ile ni yake!

Jumanne, 9 Machi
Nimejipima mwenyewe kwanza. Ole wangu! Karatasi imejaa vidudu vyekundu, vinatembea kama wenye shamba. Nikaenda kuchungulia mizinga ya Wepukhulu. Akanikuta, akauliza natafuta nini. Nikasema kuku wangu amepotea. Akanikumbusha kwamba sifugi kuku. Mtu mbaya sana, anakumbuka kila kitu.

Jumatano, 10 Machi
Akili ni nywele! Kama moshi kidogo unaangusha chawa wachache, moshi mwingi utaangusha wote. Nimenunua kwa Mama Nekoye tumbaku kali, ile ya wazee wa kiko. Nimefukiza mizinga yangu yote mitatu asubuhi nzima. Wahu akasema Bwana Kiprotich alisema kidogo. Nikamwambia yule anatumia tumbaku ya serikali, lazima abane matumizi. Nilikohoa mpaka machozi, lakini chawa walianguka, wallahi.

Alhamisi, 11 Machi
Nyuki wangu wametulia ajabu. Hakuna hata mmoja aliyeniuma. Nidhamu! Wepukhulu anatangaza kila mahali kwamba mizinga yake mitupu imepata wageni. Nikamhurumia. Wageni huja na chawa wao.

Ijumaa, 12 Machi
Bwana Kiprotich alikuja na kamati nzima. Akasukuma karatasi, akapuliza, akavuta. Chawa? Hakuna hata mmoja! Nikaruka juu. Wepukhulu akainamisha kichwa. Kisha Bwana Kiprotich akagonga mzinga, akatega sikio, akafunua. Mtupu. Wa pili, mtupu. Wa tatu, buibui mmoja. Akasema hajawahi kuona mizinga safi namna hii, na kwamba hata kanisa likifukizwa hivyo waumini watahama. Kamati ilicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kona ikaenda kwa Wepukhulu, pamoja na nyuki wangu. Wahu alichukua debe lake, akashika njia ndefu ya maji. Hapo ndipo niliumia kweli.

Jumamosi, 13 Machi
Nimefikiri vizuri. Hesabu ni rahisi! Moshi kwangu uliwapeleka nyuki kwa Wepukhulu. Basi moshi kwa Wepukhulu utawarudisha kwangu, na kamati itabadili uamuzi. Nimemwendea kwa upole, nikamwambia wale wageni wamemletea chawa, na kwamba nitawatibu bure, kwa ujirani mwema. Alishukuru sana, akanipa chai. Nimechukua gunia zima kwa Mama Nekoye. Wahu ameuliza itakuwaje nyuki wakihamia kwa mtu mwingine kabisa. Nimemwambia atulie. Tumbaku ya kumfukizia huyo pia itabaki.