Shayiri ya Ipyana

Ipyana wa Visiga hakuwahi kulima hata mchicha, ila mdomo wake ulikuwa shamba tosha. Aliposikia akina mama wa Kisarawe wanahangaikia uji wa shayiri, eti unashusha sukari na kutuliza majonzi, akaona riziki imebisha hodi. Shayiri yenyewe hustawi huko kwenye baridi, na bei yake haishikiki. Ngano nzima ipo, na kwa mtu mwenye haraka, punje ni punje. Akaweka rehani pikipiki ya shemeji yake, shemeji hana habari, akachukua magunia mawili ya ngano.

Akayafikisha Chole, hukohuko Kisarawe, kwa Bi Swaumu, aliyekuwa anamwoza binti yake Jumamosi. Akampa shikamoo ya kupiga goti, akaisifu shayiri yake mpaka majirani wakatoka kusikiliza. Bi Swaumu akatia mkono guniani, akachezea punje, akatabasamu. Akasema sawa, hilo shairi lake amelikubali, aje Jumamosi alipwe mbele ya watu. Ipyana akadhani ni lafudhi ya huko tu, akaacha magunia, akaondoka anapiga mluzi. Maskini, hakujua kwamba mama huyu ndiye mpishi wa bokoboko la ngano kwenye harusi za kata nzima.

Jumamosi akakuta masufuria yanatokota na magunia matupu yamekunjwa. Akadai chake.

"Nikulipe cha nini, baba?" Bi Swaumu akauliza, kwa sauti ya kumfikia mjumbe wa nyumba kumi pale mkekani.

"Cha shayiri, mama."

"Ndiyo tunalisubiri hilo shairi. Bibi harusi keshakaa."

Ipyana akamlilia mjumbe, akaapa kwamba alileta shayiri, magunia mawili. Mjumbe akaonja bokoboko, akalamba mwiko taratibu.

"Hii ni ngano. Au uliuza ngano kwa jina la shayiri?"

Ipyana akapiga hesabu haraka. Akikiri, ni polisi. Akasema kwa unyonge kwamba ngano ilikuwa zawadi ya harusi.

"Mungu akubariki. Sasa shairi," Bi Swaumu akadakia.

Akasimamishwa, akamsifu bibi harusi kwa vina vya darasa la tano huku jasho likimchuruzika. Vigelegele vikarindima, makofi yakafuata. Alipokaa, akamnong'oneza Bi Swaumu kuhusu malipo.

"Si wamekupigia makofi? Shairi hulipwa hivyo, mwanangu."

Kisha akamjazia sahani ya bokoboko. Lilikuwa tamu, ndilo lililomuuma zaidi. Ipyana akainama, akaila pikipiki ya shemeji mpaka sahani ikawa nyeupe.